Kasu ya Amman: sarafu ya Pudukkottai isiyokuwa na uso wa mfalme

Ukiiweka kiganjani, kasu ya Amman, yaani sarafu ya Mama, haizidi sana ukucha wa kidole gumba. Ni shaba tupu, gramu moja na ushei, na zile za zamani hata uduara wake ni wa kubahatisha: kipande kinene kilichogongwa kwa nyundo, ukingo umepinda, picha imeangukia pembeni kana kwamba aliyeipiga alikuwa na haraka. Upande mmoja ameketi mwanamke. Kichwa chake ni nukta, mikono ni vijistari. Upande wa pili kuna neno moja kwa herufi za Kitelugu, Vijaya. Basi. Hakuna mwaka, hakuna thamani, hakuna jina la nchi wala uso wa mtawala.

Ilitolewa na ukoo wa Tondaiman, watawala wa Pudukkottai katika nchi ya Watamil kusini mwa India. Dola lao lilikuwa dogo, kilomita za mraba 3,000 na kidogo, limezungukwa kila upande na ardhi iliyotawaliwa na Waingereza kutoka Madras. Hata hivyo kasu hii iliendelea kutolewa hadi dola lenyewe lilipofutwa mwaka 1948. Mysore, iliyokuwa kubwa mara nyingi zaidi na iliyowahi kufua dhahabu ya kusifika, ilifungiwa kiwanda chake cha sarafu mwaka 1843. Kusini kote, waliobaki na sarafu zao hadi mwisho ni Hyderabad na Travancore, nchi kubwa zenye watu mamilioni, na huyu mdogo Pudukkottai na kijishaba chake. Ilikuwaje?

Jibu linalopendwa ni la kishujaa: kwamba raja alikataa kuinama, akashika haki yake ya kufua sarafu mpaka dakika ya mwisho. Ni jibu tamu, lakini ukifuata historia ya ukoo huu halisimami. Pudukkottai ilikuwa rafiki wa Waingereza tangu wakiwa bado wafanyabiashara wenye bunduki. Katika vita vya Carnatic vya miaka ya 1750, Tondaiman aliwapelekea chakula na askari pale Trichinopoly ilipozingirwa. Haidar Ali wa Mysore alipoingia kusini, Tondaiman alikuwa upande ule ule. Na mwaka 1799 Kattabomman, chifu wa Panchalankurichi aliyewaasi Waingereza, alikamatwa katika ardhi ya Pudukkottai na raja akamkabidhi kwao. Alinyongwa Kayathar tarehe 16 Oktoba mwaka huo. Watamil wengi hawajausahau mkono huo, na mpaka leo jina la Tondaiman likitajwa mbele ya watu wazima fulani, utaona mdomo unabenuliwa.

Malipo ya urafiki huo yalikuwa mazuri. Pudukkottai haikuwa ikilipa kodi kwa Waingereza kama madola mengine. Ilipopewa ngome ya Kilanelai mwanzoni mwa karne ya 19, sharti lilikuwa tembo mmoja kwa mwaka, na tembo huyo hakudaiwa kwa dhati. Kwa hiyo tukubaliane mapema kwamba kasu haikuwa bendera ya uasi. Mtu asiyeasi kwa jambo lolote haasi kwa sarafu ya shaba ya gramu moja.

Mama aliyeketi

Mwanamke wa kwenye sarafu ni Brihadambal, Mama Mkuu, mungu wa kike wa hekalu la Thirugokarnam. Hekalu liko pembeni ya mji wa Pudukkottai, na kiini chake ni pango lililochongwa ndani ya mwamba zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, karne nyingi kabla Tondaiman wa kwanza hajaonekana katika eneo hilo. Hili ni jambo la kushika, kwa sababu ukoo wenyewe haukuwa wa zamani. Walikuwa Wakallar, jamii ya wapiganaji na wakulima. Raghunatha Tondaiman alipata nchi hiyo mwaka 1686 hivi kutoka kwa Kilavan Setupati, mtawala wa Ramnad, aliyekuwa shemeji yake: Kilavan alimwoa Kathali, dada wa Raghunatha. Kwa lugha ya mtaani, walikuwa wageni wenye upanga na ndoa nzuri. Walichokosa ni uzito wa kale. Uzito huo walikuwa nao miungu.

Uzito ulikuja kwa njia ya mchanga. Simulizi ya ukoo inasema kwamba mwaka 1738 Vijaya Raghunatha Raya Tondaiman alikutana katika msitu wa Tiruvarangulam na Sadasiva Brahmendra, mtawa aliyekuwa ameweka nadhiri ya kutosema. Raja akaomba mafundisho. Mtawa akainama, akaandika maneno matakatifu mchangani kwa kidole, na kumwelekeza kwa mwanazuoni Gopalakrishna Sastri amfundishe mengine. Raja akauzoa ule mchanga kwenye nguo yake, akaenda nao nyumbani. Ukawekwa kwenye jumba la kifalme na ukawa unafanyiwa ibada, kizazi baada ya kizazi. Kuanzia hapo watawala wakatumia jina la Brihadambadas, mtumwa wa Brihadambal, na simulizi hiyo hiyo ndiyo inayofunga pamoja sikukuu ya Navaratri, mgao kwa watu na kasu ya Amman.

Mtu asiyezoea siasa za kusini mwa India anaweza kudhani neno «mtumwa» ni unyenyekevu wa maneno tu. Ulikuwa mtindo wa utawala. Miaka michache baadaye, mwaka 1750, Marthanda Varma wa Travancore aliuweka upanga wake mbele ya mungu Padmanabha kule Thiruvananthapuram, akatangaza kuwa nchi yote ni ya mungu na yeye ni Padmanabhadasa, mtumwa wake. Travancore nayo ilifua sarafu ndogo sana, chakram za fedha, ndogo kiasi kwamba wahesabuji hawakuzihesabu kwa vidole. Walikuwa na ubao wenye vitundu vilivyopangwa kwa safu. Unamwaga chakram juu yake, unatikisa, kila kitundu kinakamata moja, zilizozidi unazifagia kwa kiganja, na unajua una mia bila kuhesabu. Na chapa ya kifalme ya Travancore haikuwa uso wa mtu, ilikuwa kombe, lile la baharini linalopulizwa hekaluni.

Hata watu ambao dini yao haikuruhusu walielewa mchezo huu. Haidar Ali alikuwa Mwislamu, lakini alipoitwaa Mysore alifua pagoda, sarafu za dhahabu zenye miungu ya Kihindu Shiva na Parvati wameketi upande mmoja, na herufi ya kwanza ya jina lake, ha, upande wa pili. Alijua soko linaamini picha gani. Mwanawe Tipu aliiondoa picha hiyo.

Rudi basi kwenye lile neno Vijaya. Linaweza kuwa jina la raja wa mchanga, Vijaya Raghunatha. Linaweza kuwa maana yake ya kawaida, ushindi. Linaweza kuelekeza kwenye Vijayadashami, siku ya kumi inayofunga usiku tisa wa Navaratri. Wataalamu wa sarafu hupenda kuchagua moja. Mimi naona utatu huo ndio uliokuwa unatakiwa: raja aliyefuata hakuhitaji kubadili kitu. Nyundo ile ile, chapa ile ile, baba akafa, mwana akaketi, kasu haijui. Na Kitelugu katika nchi ya Watamil? Ilikuwa lugha ya mabwana wakubwa wa kusini tangu enzi za Vijayanagara na Wanayaka, na raja mpya huvaa nguo za waliomtangulia.

Sarafu ya kugawa

Kila mwaka, Septemba au Oktoba, Navaratri ilipofika, serikali ya Pudukkottai ilifungua maghala. Watu walipanga foleni kupokea mchele usiopikwa, na pamoja na mchele, kasu. Hapo ndipo ilipo nguzo ya kisa kizima. Sarafu nyingi duniani hutoka serikalini kwa kulipa kitu: mshahara wa askari, mawe ya ujenzi, deni. Kasu ya Amman ilitoka kama zawadi. Mama kaketi kwenye shaba, raja ni mtumwa wake anayegawa, na maskini anaondoka na Mama mkononi. Ukimlazimisha raja aache kuifua, hujamnyang'anya mapato. Umesimamisha sadaka katikati ya ibada, na baada ya maasi makubwa ya 1857 serikali ya Uingereza nchini India ilikuwa imetangaza hadharani kwamba haitagusa dini za watu. Nani huko Madras angepoteza usingizi kutafuta ugomvi huo?

Lakini sadaka peke yake haitoshi kueleza miaka yote hiyo. Kasu ingekuwa hirizi tu, ingeishia kufungwa kwenye pindo za sari. Haikuishia hapo. Niliyonayo mimi ilitoka kwenye fungu la sarafu chakavu, na Mama amelika mpaka goti lake halionekani. Shaba hailiki hivyo kwa kukaa ndani ya kijaluba. Imepita mikono: ya muuza majani ya tambuu, ya muuza chumvi, ya mtoto aliyetumwa dukani.

Na hesabu inaeleza kwa nini ilipita. Msomaji wa pwani yetu halihitaji sana jedwali hili, kwa sababu babu zake walilitumia: rupia moja ni ana 16, ana moja ni pesa nne, kwa hiyo rupia ni pesa 64. Neno letu pesa limetoka huko huko, na Mombasa ilikuwa na pesa zake za shaba za mwaka 1888, huku Zanzibar ikihesabu kwa rupia hadi 1936. Chini ya pesa, Waingereza wa India walikuwa na pai, 12 kwa ana. Hapo ndipo sakafu yao ilipokuwa, pai 192 kwa rupia. Kasu ya Amman ilikwenda 20 kwa ana, yaani 320 kwa rupia. Ilikaa chini ya sakafu. Mwingereza hakuwa na sarafu ya kuweka mahali pake, na mwanamke aliyetaka pilipili za kupikia usiku mmoja tu alihitaji kitu kidogo kuliko pai.

Kuna jambo jingine ambalo sijaona likizungumzwa sana. Kasu tano ni pesa moja. Pesa ya India kabla ya 1906 ilikuwa shaba ya gramu 6.5 hivi. Gawanya kwa tano unapata 1.3, na huo ndio uzito wa kasu, ukiruhusu kukosea kwa mgonga nyundo. Kwa maneno mengine, raja hakuwa anapunja shaba. Fungu la kasu la thamani ya rupia lilikuwa na shaba sawa na fungu la pesa za Waingereza la rupia. Katika madola mengi hoja kuu ya Waingereza dhidi ya viwanda vya sarafu vya wenyeji ilikuwa uzito usioaminika na faida ya ujanja. Pudukkottai hoja hiyo ilikosa pa kushika. Sarafu haikuharibu soko, ilililainisha.

Mrekebishaji aliyeiacha

Kipimo kizuri cha hoja yangu ni miaka ya 1880, kwa sababu wakati huo Pudukkottai ilipata mtu ambaye angeweza kuifuta kasu kwa kalamu moja na wakubwa wake wakampigia makofi. Raja Ramachandra, aliyefariki 1886, alikuwa na madeni, na Waingereza walikuwa wamemchoka. A. Seshayya Sastri, aliyekuwa waziri mkuu wa Travancore kabla ya hapo, akaletwa mwaka 1878 kusafisha nyumba. Raja alipokufa, mrithi Martanda Bhairava alikuwa mtoto, hivyo Sastri akatawala kama mlezi wa kiti hadi 1894. Alipanga upya hesabu, akapitia mashamba ya zawadi yaliyokuwa yamelala bila kodi, akachimbua mabwawa ya mji. Si mtu wa kuona haya kufunga mfereji wa matumizi.

Kasu hakuigusa. Zaidi ya hapo, ni katika ulezi wake, kuanzia 1889, ndipo kasu za mviringo safi za kupigwa na mashine zilipoanza kutolewa badala ya vile vipande vya nyundo. Ziangalie zikiwa pamoja. Ya zamani ina Mama wa nukta na vijistari. Ya mashine ina Mama mwenye mabega, ameketi vizuri, na Vijaya imenyooka kama ya kitabuni. Kisichobadilika ni kile kile: hakuna uso wa raja, hakuna mwaka. Wakati huo huo madola mengine ya India, kama Alwar na Bikaner, yalikuwa yamekubali sheria ya 1876 iliyowaruhusu kupata sarafu kutoka viwanda vya Waingereza kwa sharti la kumweka Victoria upande mmoja. Mtoto wa Pudukkottai alipata mashine bila Malkia.

Nadhani Sastri, Brahmini aliyeijua Travancore kwa ndani, alielewa kile ambacho mhasibu wa Madras hakukielewa: sadaka ya Navaratri ndiyo iliyomfanya mtoto wa Tondaiman awe raja, si tangazo la gazeti la serikali. Hiyo ni dhana yangu. Lakini matokeo yake tuliyaona kizazi kilichofuata.

Martanda Bhairava alikua, akapenda Ulaya, akapenda mbio za farasi, na mwaka 1915 akamwoa Molly Fink wa Melbourne. Waingereza walikataa kumtambua kama malkia. Wawili hao walifika Pudukkottai, wakakaa muda mfupi, wakaondoka. Baadaye utawala ukaendeshwa na ndugu yake, na raja akaishi Cannes. Alifia Paris mwaka 1928, mwili wake ukachomwa London, na mtoto wao wa kiume hakuruhusiwa kurithi. Kiti alipewa Rajagopala, mtoto wa miaka sita.

Hebu fikiria kama kasu ingekuwa na uso. Ingekuwa uso wa nani katika miaka hiyo, wa bwana wa Cannes anayemgawia mchele maskini wa Thirugokarnam? Sarafu iliyojengwa juu ya mfalme ingekuwa kichekesho cha sokoni. Sarafu iliyojengwa juu ya Mama haikuhitaji raja awepo.

(Katika dola hili hili, kijijini Karukkakurichi, mwaka 1898 kilifukuliwa chungu chenye sarafu 501 za dhahabu za Roma, za kuanzia Augusto hadi Vespasian. Nyingi zilikuwa zimekatwa kwa patasi, pigo moja kuvuka uso wa mfalme, ili zibaki dhahabu tupu zisiwe tena fedha ya Kaisari. Nani aliyezikata, Mhindi au mwingine, wataalamu wanabishana. Mimi hucheka kidogo tu nikikumbuka kwamba ardhi hiyo iliwahi kupokea nyuso 501 za wafalme na kuzipasua.)

Kilichobaki

Tarehe 3 Machi 1948 Pudukkottai iliunganishwa na mkoa wa Madras. Rajagopala alikuwa na miaka 25. Sadaka ya serikali ikakosa serikali, na kasu ikakosa wa kuifua. Ana zenyewe zilikufa tarehe 1 Aprili 1957, India ilipoanza kugawa rupia kwa pesa 100 mpya. Posho za watawala wa zamani zikafutwa 1971. Jumba jipya la kifalme leo ni ofisi za mkuu wa wilaya, na watu hupanda ngazi zake wakiwa na mafaili ya mashamba na vyeti vya kuzaliwa. Rajagopala hakuoa, akafariki 1997.

Wauzaji wa sarafu wameshindwa na kasu kwa namna yao. Orodha zao zinataka jina la mtawala na mwaka, kwa hiyo utakuta Mama amepangwa chini ya Martanda au Rajagopala kwa kukisia kutokana na umbo la ukingo. Mwenye bidii anazipanga kwa mkono: nene na mbaya ni za zamani, nyembamba na nzuri ni za mashine. Zaidi ya hapo shaba haisemi.

Ila mitaani imetokea kinyume cha kawaida. Kwa kawaida mungu ndiye huipa sarafu heshima. Brihadambal, baada ya kukaa kwenye vijishaba hivyo karne mbili, ameitwa kwa jina la sarafu: Araikkasu Amman, Mama wa Nusu Kasu. Nusu, wakati sarafu ni kasu nzima. Watu hawakuwa wanasoma jedwali, walikuwa wanataja kitu kidogo kabisa. Na kazi aliyopewa inalingana na jina. Mtamil aliyepoteza pete, funguo au hati ya nyumba humwekea nadhiri Araikkasu Amman, na kitu kikionekana humtolea sukari guru. Ana hekalu hata karibu na Chennai, ile Madras ya zamani, mbali na Thirugokarnam. Wengi wanaokwenda kumtolea hiyo sukari guru hawajawahi kuiona kasu yenyewe.